Lode Lane: Kiwanda cha Vita Kilichozaa Land Rover

Kiwanda cha Lode Lane, katika mji wa Solihull kando ya Birmingham, hakikujengwa kwa ajili ya magari. Mwaka 1936 serikali ya Uingereza, ikiona Ujerumani inajizatiti, ilianza kuyakabidhi makampuni ya magari viwanda vya akiba ambavyo vingetengeneza injini za ndege endapo vita vingezuka. Kampuni ya Rover ilipewa viwili ivisimamie: kimoja Acocks Green, na kingine, kikubwa zaidi, kwenye mashamba ya Solihull. Huko zilitengenezwa sehemu za Bristol Hercules, injini ya silinda 14 iliyorusha ndege za mabomu za Stirling na Halifax. Majengo yake yalipangwa na watu waliokuwa wakifikiria vita, na kila kilichotoka humo baadaye kilibeba alama ya mwanzo huo.

Makao ya zamani ya Rover yalikuwa Coventry, mji ulioshambuliwa vibaya kwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940. Vita vilipokwisha, kampuni haikuona sababu ya kurudi kwenye magofu. Ikahamia Solihull, ikajikuta ina kiwanda kikubwa kuliko biashara yake. Rover ilikuwa imezoea kuuza magari ya kifahari kwa mawakili na madaktari, na sasa Uingereza ilikuwa na madeni, chuma kikigawiwa kwa kibali. Aliyeuza bidhaa nje ya nchi na kuleta dola ndiye aliyepata mgao mzuri. Nani angenunua Rover ya kifahari nje ya nchi mwaka 1946?

Jibu lilitoka kwenye gari la jeshi la nchi nyingine, na hapa sina budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliyaandikia makampuni 135 likitaka gari dogo jepesi, magurudumu yote manne yakivuta, na gari la kwanza la majaribio liwe tayari ndani ya siku 49. American Bantam, kampuni ndogo ya Butler, Pennsylvania, iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika, ilimwita mhandisi Karl Probst akachora michoro kwa siku chache, na tarehe 23 Septemba 1940, siku ya mwisho kabisa, gari likafikishwa kambi ya Holabird, Maryland. Bantam haikufaidi jasho lake. Oda kubwa zilikwenda kwa Willys na Ford, na hadi vita vinakwisha Jeep, kama gari hilo lilivyoitwa, zaidi ya 600,000 zilikuwa zimetoka viwandani. Zilipelekwa kila uwanja wa vita, hata kwenye matope ya Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa kikosi cha KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Wengi wa vijana wale walikuwa wamekulia vijijini ambako gari lilikuwa jambo la nadra. Waliporudi walikuwa wamejionea gari linaloweza kupita pasipo na barabara.

Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na shambani humo alitumia Jeep iliyobaki vitani. Inasimuliwa kwamba kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, alimuuliza atafanyaje Jeep hiyo itakapokufa. Maurice akajibu atanunua nyingine, kwa kuwa hakuna gari jingine la aina hiyo. Masimulizi ya familia yanaendelea kwamba mwaka 1947, wakiwa pwani ya Red Wharf Bay, Maurice alichukua kijiti akachora kwenye mchanga umbo la gari ambalo Rover ingeweza kulitengeneza yenyewe. Mwaka huohuo gari la kwanza la majaribio likaundwa juu ya chesisi ya Jeep, usukani ukiwa katikati kama wa trekta, ili gari moja liuzike nchi zinazoendesha kushoto na zinazoendesha kulia. Usukani wa katikati uliachwa upesi. Urefu wa inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, uliokuwa wa Jeep, ulibaki.

Kilichofuata ndicho ninachokithamini kuliko vyote katika historia ya kiwanda hiki, maana karibu kila sifa tunayoipenda katika Land Rover ilizaliwa na uhaba. Chuma cha bati hakikupatikana, lakini alumini iliyokuwa ikienda kwenye ndege sasa ilikuwa tele. Bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini isiyoshika kutu. Kalibu kubwa za kukandamizia bati zilikuwa ghali mno kwa gari lililokusudiwa kuiokoa kampuni kwa miaka miwili au mitatu tu, kwa hiyo mabati yakakunjwa kwa mikono na kwa mashine rahisi. Ndiyo sababu ubavu wa Land Rover ni bapa, na pembe zake ni za mraba. Hata chesisi haikukandamizwa. Vipande vinne vya chuma vilikatwa, vikapangwa kuwa boksi, vikachomelewa pembeni. Rangi ya kijani hafifu ya magari ya mwanzo ilikuwa ileile iliyopakwa ndani ya ndege za kivita, ikinunuliwa kama mabaki ya jeshi.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bei ilikuwa pauni 450. Injini ya petroli ya lita 1.6 ilitoa nguvu farasi zipatazo 50, na nyuma ya gari paliweza kufungwa shafti ya kuendeshea msumeno, pampu au mashine ya kupura nafaka. Milango na turubai vilihesabiwa kuwa nyongeza, mnunuzi akilipia zaidi. Rover ilidhani imetengeneza zana ya mkulima. Mauzo ya gari hili yakapita upesi yale ya magari ya kifahari, na mwaka 1954 Lode Lane ilitoa Land Rover ya 100,000.

Jeshi halikuchelewa. Mwaka 1949 jeshi la Uingereza lilianza kuagiza, na tangu hapo hadi mwisho wa uhai wa gari hili kiwanda kilikuwa na wateja wawili wakubwa waliokifundisha mambo tofauti. Mkulima alitaka bei ndogo na kazi nyingi. Mwanajeshi alitaka gari linalovunjwavunjwa na kuunganishwa upya gizani, mvuani, na kijana aliyefundishwa kwa wiki chache. Ukifungua boneti ya Series II, toleo la pili la gari hili, leo utaona matakwa ya wote wawili. Betri, kabureta na pampu ya maji vinafikiwa kwa mkono bila kutoa kitu kingine. Kioo cha mbele kinalala juu ya boneti kwa kulegeza nati. Chini ya dashibodi, miguuni pa dereva, kuna vijiti vitatu vya gia: mrefu mweusi wa kawaida, mfupi wenye kichwa cha njano wa kuamsha magurudumu ya mbele, na wenye kichwa chekundu wa kushusha gia za nguvu. Rangi hizo zilimtosha dereva asiyejua kusoma, na utaratibu wake haukubadilika kwa miongo.

Kati ya magari yote ya kijeshi yaliyotoka Solihull, mawili yanastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo. La kwanza ni lile lililoitwa la kubebwa angani, lililoanza kutumika mwaka 1968. Helikopta za Wessex hazikuweza kuinua Land Rover ya kawaida, kwa hiyo wahandisi wakaubana upana wake na kuunda bodi ambayo milango, ubavu wa juu, bampa na turubai vyote vilitoka kwa bolti, gari likaning'inizwa uzito ukiwa umepungua, kisha likavalishwa tena likifika. Likiwa na mabati yote lilikuwa zito kuliko Land Rover ya kawaida, jambo ambalo wengi hulisahau. La pili ni lile la kikosi cha SAS, aina ya inchi 109, lililoagizwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya doria za jangwani. Liling'olewa milango na paa, likawekewa matangi ya ziada ya mafuta, bunduki za rashasha na dira ya jua, kisha likapakwa rangi ya waridi. Watu waliokuwa wameishi jangwani walijua kwamba alfajiri na jioni mchanga huchukua rangi hiyo, na kwamba kitu cha waridi hupotea machoni mapema kuliko cha kijani. Magari 72 tu ndiyo yaliyotengenezwa, na kupata moja la kweli leo ni ndoto ya kila mkusanyaji.

Kwetu Afrika Mashariki Land Rover ilikuja na serikali. Wa kwanza kuiendesha walikuwa mabwana shauri, polisi, maafisa wa misitu na wamisionari. Katika Kenya ya miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, mngurumo wake ukipanda mlima ulimaanisha msako, na wazee wa Kenya ya Kati waliokuwa watoto wakati ule hawana sababu ya kuukumbuka kwa furaha. Historia ya gari hili ikiandikwa bila kumbukumbu hiyo inakuwa tangazo la biashara. Lakini njia zilezile zilipitwa na watu wengine pia. Tanganyika, viongozi wa chama cha TANU walizunguka vijijini kwa Land Rover wakitafuta wanachama, na baada ya uhuru gari lenye bendera ya mkuu wa wilaya, gari la chanjo, gari la bwana shamba na gari la parokia yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Huko Kora, Kenya, Agosti 1989, George Adamson, mzee wa simba, aliuawa akiwa ndani ya Land Rover yake akiwaendea majambazi waliokuwa wamemvamia mgeni.

Katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland, kampuni iliyokuwa ikiimiliki Rover wakati huo, kilianzishwa Thika, na Land Rover zikaanza kuunganishwa hapo na mafundi Wakenya kutoka vipande vilivyoletwa kwa meli. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosemwa. Fundi aliyefunga bolti ya gari jipya Thika aliweza kufungua gereji yake na kuifungua bolti hiyohiyo miaka kumi baadaye. Ujuzi ukasambaa mitaani. Nenda leo kwenye gereji za Unga Limited, Arusha, utakuta Land Rover aina ya One Ten imeinuliwa juu ya magogo, gia boksi iko chini kwenye kipande cha turubai, na fundi kijana anasafisha meno ya gia kwa brashi na mafuta ya taa huku mzee akimwelekeza kwa kidole tu. Hakuna kompyuta. Kuna spana, nyundo ya shaba, na chupa ya soda iliyojaa nati zilizopangwa kwa ukubwa. Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyokatwa chesisi yakarefushwa, yakawekewa paa la kufunguka, na kupeleka watalii Ngorongoro na Serengeti kwa miongo kadhaa.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo Lode Lane ilipoteza bara la Afrika, na haikupokonywa kwa hila. Rover iliingia chini ya Leyland mwaka 1967, mwaka uliofuata ikamezwa na British Leyland, na mwaka 1975 shirika zima likaangukia mikononi mwa serikali. Faida ya Land Rover ilitumika kuziba matundu ya magari madogo yasiyouzika. Wateja wa nje walisubiri gari kwa miezi mingi, vipuri vilichelewa, na injini ikabaki dhaifu wakati Toyota ilikuwa ikileta Land Cruiser yenye injini kubwa ya dizeli na vipuri dukani. Land Cruiser nayo ilikuwa na damu ya Jeep, maana mfano wake wa kwanza wa mwaka 1951 ulifuata nyayo za gari lilelile la Willys. Mhandisi wa Solihull angeweza kuona kilichokuwa kikitokea. Aliyeshika fedha hakuona, au hakujali. Gari la 1,000,000 lilitoka mwaka 1976, na wakati sherehe ikifanyika soko lilikuwa tayari linahama.

Marekebisho yalikuja kampuni ya Land Rover ilipotengwa peke yake mwaka 1978. One Ten ilitoka mwaka 1983 na Ninety mwaka uliofuata, springi za majani zikiwa zimeachwa, za koili zikichukua nafasi yake, magurudumu yote yakivuta wakati wote. Mwaka 1990 zikapewa jina la Defender. Wakati huo jina la gari lilikuwa likitangazwa duniani na mashindano ya Camel Trophy, yaliyoanza mwaka 1980 kwa Jeep huko Amazon na kuhamia kwenye magari ya Solihull mwaka uliofuata. Mwaka 1983 yalifanyika Zaire, na mwaka 1991 yalianzia Dar es Salaam, yakakata Tanzania hadi Bujumbura, timu ya Uturuki ikaibuka mshindi. Magari ya rangi ya mchanga yalivutana kwa winchi kutoka kwenye tope, madereva wakajenga madaraja ya magogo kwa mikono. Mashindano yalibeba jina la sigara, na hilo sitalisifu. Ila kazi iliyofanyika njiani ilikuwa ya kweli, na wengi wanaokusanya Land Rover leo walilipenda gari hili kwa mara ya kwanza kupitia picha zake.

Kampuni ilipita mikononi mwa British Aerospace mwaka 1988, BMW mwaka 1994, Ford mwaka 2000, na Tata ya India mwaka 2008. Kila mmiliki aliikuta Defender ikitengenezwa kwa mikono karibu kama mwanzo, na kila mmoja aliiacha hivyo.

Upande wa kijeshi una ukurasa mchungu ambao kumbukumbu ya haki haiwezi kuuruka. Land Rover iliyoitwa Snatch ilivishwa kinga nyepesi kwa ajili ya doria za Ireland ya Kaskazini. Jeshi la Uingereza likaipeleka Iraq na Afghanistan, ambako maadui walitega mabomu barabarani. Kinga ile haikuweza kuyazuia. Askari wengi walikufa ndani yake, na familia zao zikaipeleka wizara ya ulinzi mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kesi zao zinaweza kusikilizwa, mwaka 2016 ripoti ya Chilcot kuhusu vita vya Iraq ikalaumu ucheleweshaji wa magari bora, na mwaka 2017 serikali ikaomba radhi. Kosa lilikuwa la waliolituma gari jepesi kwenye kazi ya gari zito huku wakijua. Waliokufa hawakuwa na uchaguzi.

Defender ya mwisho ilitoka kwenye laini ya Lode Lane tarehe 29 Januari 2016, ikiwa Ninety ya turubai yenye namba H166 HUE, heshima kwa HUE 166, Land Rover ya kwanza kabisa miongoni mwa zile za matayarisho ya mwaka 1948. Wafanyakazi wa sasa na wa zamani zaidi ya 700 walikuwepo. Baadhi yao walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliofanya kazi kwenye laini ileile. Idadi kamili ya Series na Defender ilifikia 2,016,933. Sheria za moshi wa injini na za usalama wa abiria na waenda kwa miguu ndizo zilizolisimamisha, na kwa kweli gari lenye bodi bapa ya bolti, bila mikoba ya hewa, lisingeweza kuzitimiza. Defender mpya ilionyeshwa Frankfurt mwaka 2019. Inatengenezwa Nitra, Slovakia, na haina chesisi ya zamani ya ngazi. Lode Lane yenyewe iliendelea na Range Rover.

Urithi sasa uko mikononi mwa wapenzi wa gari hili. Kule Surrey, Uingereza, mkusanyo wa Dunsfold ulioanzishwa na familia ya Bashall mwaka 1968 umehifadhi magari ya majaribio na ya kijeshi ambayo kiwanda kingeyauza kama chuma chakavu. Juu ya kijiji cha Maneybhanjang, India, karibu na mpaka wa Nepal, Land Rover za miaka ya 1950 bado zinapandisha abiria mlimani kwenda Sandakphu. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walijaza Arusha kwa tamasha lao, magari yakija kwa mamia, mengine yakiwa ya safari, mengine ya shamba. Kijana wa miaka ishirini na mzee mwenye Series III ya baba yake waliweza kuzungumzia klachi kwa saa nzima bila kutambulishana.

Tatizo kubwa la magari haya ya zamani ni lilelile lililoletwa na uhaba wa mwaka 1948. Bodi ya alumini haishiki kutu, lakini chesisi ya chuma iliyo chini yake huoza kutoka ndani, hasa pwani penye chumvi. Viwanda vidogo vya Uingereza vimeitatua shida hiyo: vinachomelea chesisi mpya kwa vipimo vya Series I hadi Defender, kisha vinazitumbukiza kwenye zinki iliyoyeyushwa ili zisishike kutu. Mwenye gari la mwaka 1958 hufungua bodi bolti moja baada ya nyingine, huhamisha injini, gia boksi na ekseli, na kuvifunga juu ya chesisi mpya. Mashimo ya bolti yanalingana.